Nimeandikishwa mbio za kilomita 10, na pumzi inaniishia kabla ya kituo cha pili

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 37, naishi Tabata na mume wangu, watoto wetu watatu na mama mkwe. Nafanya kazi ya uhasibu mjini, kazi ya kukaa kitini kutwa nzima. Mwezi uliopita ofisi ililipia wafanyakazi kumi na wawili washiriki mbio za hisani zitakazofanyika mwishoni mwa Julai. Fedha zitakazopatikana zitanunua vifaa vya wodi ya wazazi. Walipouliza nani anaweza kilomita 10, mwenzangu mmoja akakumbusha kwamba niliwahi kuwasimulia nilivyokimbia mita 100 kwenye UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, nikiwa darasa la sita. Ni kweli nilikimbia, na nilifika ngazi ya mkoa. Watu wakapiga makofi, jina langu likaandikwa, nami nikakosa ujasiri wa kukataa.

Shangazi, hayo ni mambo ya miaka 25 iliyopita. Jumamosi iliyofuata niliamka alfajiri, nikavaa raba zangu za kutokea, nikaanza kukimbia kuelekea barabara kuu. Sijafika hata kituo cha pili cha daladala, kifua kinawaka, kichomi kimenishika ubavuni, miguu haibebeki. Nikaketi kwenye benchi la mama ntilie. Kijana wa bodaboda akaniuliza kama anipeleke hospitali. Nilirudi nyumbani nalia. Nimejaribu tena mara mbili, mambo ni yale yale, na zimebaki wiki tisa.

Nyumbani nako hakuna amani. Mama mkwe aliponiona na suruali ya mazoezi aliuliza mbele ya watoto, "Mwanamke mwenye watoto watatu anakimbia barabarani, anakimbizwa na nani?" Mume wangu hakusema kitu. Nikimuuliza anasema nifanye ninavyoona.

Jambo jingine, mama yangu mzazi ana presha. Mimi sijapima tangu nijifungue mtoto wa mwisho, ana miaka sita sasa.

Lakini kinachoninyima usingizi zaidi ni kuwa wa mwisho. Naiona picha yangu kwenye grupu la WhatsApp la ofisi, wenzangu wameshavaa medali na mimi bado natembea peke yangu barabarani. Nijitoe niseme naumwa? Au ipo njia?

Mama wa Tabata

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa machozi ya Jumamosi ile.

Nianze na presha, maana hilo halisubiri. Wiki hii, kabla hujavaa raba tena, pita zahanati iliyo karibu nawe upime presha na sukari. Mweleze mhudumu kwamba mama yako ana presha na kwamba unataka kuanza kukimbia. Presha inaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kuonyesha dalili. Ukikutwa nayo, usidhani safari imeishia hapo. Wapo wengi wenye presha iliyodhibitiwa wanaofanya mazoezi na yakawasaidia, ila daktari ndiye atakayekuambia uanze lini na kwa kiasi gani. Na hata majibu yakiwa mazuri, zipo dalili za kutobishana nazo siku yoyote: kifua kuuma au kubana kama kimewekewa jiwe, kizunguzungu, moyo kwenda mrama. Hapo unasimama na kutafuta msaada, hata kama umebakiza mita hamsini.

Sasa turudi kwenye kile kituo cha pili cha daladala. Barua yako nimeisoma mara mbili, na tatizo ninaloliona halitokani na umri wako. Umeniambia mwenyewe kwamba mbio unazozijua ni za mita 100. Mwili wako ulifundishwa utotoni kwamba kukimbia ni kufyatuka mstarini kama jiwe la manati. Kwa mita 100 hilo ni sawa kabisa, kwa sababu mbio zimekwisha kabla pumzi haijaanza kudai. Lakini kilomita 10 ni mita 100 mara mia moja. Ukizianza kwa kasi ya darasa la sita, ndani ya dakika mbili misuli inadai hewa kuliko moyo na mapafu vinavyoweza kuipeleka, na matokeo yake ni huo moto wa kifuani uliokukalisha kwenye benchi. Angefika hapo hata kijana wa miaka ishirini.

Kwa hiyo jambo kubwa ninalokuomba ni moja: punguza mwendo. Usipunguze kidogo, punguza mpaka uone aibu. Kipimo chake ni mdomo wako. Ukiwa unakimbia, sema sentensi nzima kwa sauti, mfano, "Watoto bado wamelala, maji yamekatika tangu jana na luku inakaribia kuisha." Ukiimaliza bila kukata pumzi katikati, mwendo huo ndio wako. Ukiishia kwenye "maji yamekatika", umezidisha, tembea kidogo kisha uanze upya. Wiki za mwanzo utakuta mwendo wako hauzidi sana wa mtu anayewahi gari, na kina mama wanaokwenda sokoni watakukaribia. Waache wakukaribie.

Najua ushauri huu ni mgumu kwa mtu aliyewahi kushinda. Sisi Watanzania tumelelewa na simulizi ya Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa kuongoza tangu mwanzo mpaka mwisho. Ni simulizi tamu, na imetupa picha kwamba shujaa ni yule anayetoka mbele. Basi weka pembeni yake picha ya Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu, Septemba 2025, marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo. Kilomita 42 alikaa na kundi, akavumilia, akaingia uwanjani nyuma ya Mjerumani Amanal Petros, na akampita pale pale kwenye mstari. Wote wawili wakaandikiwa saa 2:09:48, ikabidi picha ndiyo iamue kwamba bingwa wa dunia ni Simbu. Mtu mwenye miguu ile, na bado aliitunza nguvu mpaka hatua za mwisho kabisa.

Mimi nilijifunza kwa maumivu. Mbio zangu za kwanza za kuvaa namba kifuani zilikuwa za kilomita 5, Oysterbay pembeni ya bahari, nikiwa na miaka 41. Muziki ulipigwa, watu wakahesabu kurudi nyuma, nami nikaondoka na umati. Kilomita ya kwanza nilijisikia naweza kufika Bagamoyo. Ya tatu nilikuwa nimeinama kwenye ukingo wa barabara natapika. Akapita mama mmoja mtu mzima kuliko mimi, kajifunga kanga kiunoni juu ya suruali, anakimbia kidogo, anatembea kidogo. Alinishika mkono akasema, "Simama twende, huku ndiko tunakokwenda." Nilimfuata nyuma mpaka mwisho. Sikumfahamu jina, na sijamwona tena, lakini ninachokuandikia hapa kwa sehemu kubwa ni mwendo wa mama yule.

Wiki tisa zinakutosha ukikubali kukimbia na kutembea kwa zamu. Chagua siku tatu kwa wiki zisizofuatana, tuseme Jumanne, Alhamisi na Jumapili. Wiki mbili za mwanzo tembea dakika tano za kupasha mwili, kisha kimbia dakika moja, tembea mbili, urudie hivyo mpaka nusu saa ijae. Ukiona umezoea, kimbia mbili utembee moja, halafu tatu kwa moja. Siku mbili za katikati ya wiki zibaki fupi. Jumapili ndiyo iongezeke: anza na kilomita 3, ongeza kidogo kidogo, na ukifika wiki ya saba uwe umegusa 8. Wiki ya mwisho kabla ya mbio punguza, kimbia mara mbili tu na kwa ufupi. Hakuna mazoezi ya siku tatu za mwisho yatakayokuongezea pumzi, yatakuchosha tu.

Hapo katikati, wiki ya tatu au ya nne, utajisikia umepona kabisa na utataka kuruka hatua. Tafadhali usiruke. Moyo na mapafu huzoea mapema, lakini mifupa na kano za miguu huchelewa. Ndiyo maana wanaoanza wengi huumia muundi wakati pumzi imeshakuwa nzuri. Uchovu wa misuli kwenye mapaja ni wa kawaida. Maumivu ya mahali pamoja, yanayozidi kila ukikanyaga, yanataka mapumziko.

Nikupigie hesabu itakayokupunguzia hofu. Mtu anayetembea kwa haraka humaliza kilomita moja kwa dakika kama 11. Maana yake hata ukitembea njia nzima bila kukimbia hatua moja, kilomita 10 ni chini kidogo ya saa mbili. Ukikimbia na kutembea kwa zamu, dakika 9 kwa kilomita, ni saa moja na nusu. Waulize waandaaji barabara inafunguliwa kwa magari saa ngapi, ulinganishe. Na kama ikifika wiki ya sita bado hujaweza kilomita 5 kwa zamu, waombe wakuhamishie mbio fupi. Huko hakutakuwa kushindwa, bado utakuwa umevaa namba na umekimbia.

Raba ulizoziita za kutokea ziache zitoke. Tafuta raba za kukimbilia. Za mitumba pale Karume zinafaa ukijua cha kutazama: bonyeza soli kwa kidole gumba, kama imekuwa ngumu mithili ya ubao, iache, iweke juu ya meza uone kama imelala upande mmoja, na kidole chako kikubwa kibaki na nafasi ya upana wa kidole mbele, kwa sababu mguu huvimba ukikimbia. Nunua sasa, siyo wiki ya mbio, uzizoee. Usisahau sidiria ya michezo inayoshika vizuri, kwa mama aliyenyonyesha watoto watatu hii si anasa. Sehemu zinazosuguana, mapajani, kwapani na chini ya sidiria, zipake mafuta ya mgando. Jasho la Dar na chumvi yake huchubua vibaya, na utajua ukiingia bafuni.

Juu ya jasho hilo, elewa jiji lako. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, jasho linatiririka badala ya kukauka, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Moyo unafanya kazi mbili kwa pamoja, kusukuma miguu na kupooza mwili. Juni na Julai umebahatika kwa sababu ni miezi yetu ya nafuu, lakini hata hivyo jua likishapanda, kila kilomita ni nzito. Kimbia mapema.

Mapema, ila siyo gizani peke yako. Hili nalisema kwa msisitizo. Tabata ina mitaa isiyo na njia ya miguu, bodaboda zinapita bila taa, na mbwa wapo. Wiki za mwanzo uwanja wa shule ya msingi iliyo jirani unatosha, uuzunguke kukishaanza kupambazuka, ardhi yake ni laini kwa miguu na hakuna gari. Kisha ulizia vikundi vya jogging vya mtaani kwenu. Jumamosi na Jumapili alfajiri wapo karibu kila pembe ya jiji hili, wanakimbia wakiimba mchakamchaka, mmoja anaongoza na wengine wanaitikia. Ukiweza kuitikia wimbo, hujazidisha mwendo, kwa hiyo kipimo cha mdomo unakipata bure. Mara moja au mbili kabla ya mbio jipe Jumapili ya kwenda Coco Beach au Daraja la Tanzanite uone ukimbiaji kwenye lami pana wenye upepo wa baharini. Darajani hakuna kivuli hata kidogo, fika mapema. Mlimani, ndani ya chuo kikuu, miti ipo na magari ni machache, lakini kuna vilima, kwa hiyo viache mpaka miguu ikomae.

Mama mkwe sasa. Sikuambii umpuuze, unaishi naye na ni mama wa mumeo. Lakini mazungumzo ya kwanza siyo naye, ni na mumeo. "Fanya unavyoona" ni mlango ulioachwa wazi nusu. Mkae wawili, watoto wakishalala, umwambie kitu mahususi: siku tatu kwa wiki nahitaji saa moja, wewe uwe macho na watoto. Umwombe pia aseme yeye mwenyewe kwa mama yake kwamba anajua na ameridhia. Neno hilo likitoka kwako ni ubishi wa mkwe, likitoka kwa mtoto wake ni taarifa ya nyumbani.

Halafu wewe mwendee mama mkwe kwa adabu na umweleze usichomweleza mwanzo, kwamba fedha zinakwenda wodi ya wazazi. Wanawake wa umri wake wanaijua wodi hiyo kuliko mimi na wewe. Kuhusu mavazi, suruali pana ya mazoezi, fulana ndefu inayofunika nyonga, na mtandio mwepesi kama unavaa, vinakimbika vizuri, na siku ya mbio utaona wanawake wengi wamevaa hivyo. Naamini swali lake la "anakimbizwa na nani" lina hofu ndani yake, hofu ya maneno ya majirani. Mpe kitu cha kuwajibu majirani hao. Inawezekana asikubali, na bado utakimbia, lakini hutakuwa umemficha.

Usiku wa kuamkia mbio kula chakula ulichozoea, wali au ugali, maharage machache, na kama kuna harusi na pilau, onja urudi ulale. Asubuhi, saa moja na nusu kabla ya kuanza, kunywa chai na kipande cha mkate au ndizi mbivu mbili. Chochote usichowahi kukijaribu mazoezini usikijaribu siku hiyo. Panga usafiri mapema na wenzako wa ofisini, kwa sababu barabara za mbio hufungwa na daladala hubadili njia. Fika saa moja kabla, foleni ya chooni peke yake ni nusu saa.

Mkipanga mstari, nenda nyuma kabisa. Mbele ni pa wenye kasi, ukisimama pale watakusukuma na utaondoka kwa kasi yao. Kilomita ya kwanza kila mtu atakupita. Hapo ndipo mtoto wa darasa la sita ataamka ndani yako akitaka kufyatuka, mkatalie, umsomee ile sentensi ya luku. Anza zamu zako za kutembea tangu mwanzo ukiwa bado una nguvu, usingoje uchoke. Kwenye vituo vya maji kunywa mafunda machache ukiwa unatembea. Usinywe chupa nzima kila kituo kwa hofu ya joto, maji yaliyozidi nayo ni hatari kwa sababu huzimua chumvi ya mwilini. Ukiona umeacha kutoa jasho, unasikia baridi juani au akili inachanganyika, simama, waite watu wa huduma ya kwanza.

Kuna mtu ambaye lazima awe wa mwisho, mwanangu, na inawezekana ukawa wewe. Mwaka 1968, mbio za marathoni za Olimpiki kule Mexico City, John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka njiani akaumia goti. Walioanza walikuwa 75. Kumi na wanane walijitoa. Yeye alifungwa bandeji akaendelea, akaingia uwanjani giza limeingia, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Zaidi ya nusu karne imepita na bado tunalitaja jina lake, na wale kumi na wanane waliojitoa sijui ni nani kati ya wasomaji wangu anayeweza kumtaja hata mmoja. Simaanishi kwamba mbio za ofisi ni Olimpiki. Namaanisha hiyo picha ya WhatsApp unayoiogopa, ya mama anayetembea peke yake akielekea mstarini, mimi ningeitazama kwa heshima kubwa, na naamini wapo wenzako ofisini watakaoitazama hivyo, hasa wale waliotafuta udhuru wakabaki nyumbani.

Ukivuka mstari usiketi papo hapo, endelea kutembea dakika kumi ili damu isikimbilie miguuni ukazirai. Kesho yake kushuka ngazi kutakuwa kazi, nako ni kwa siku mbili tatu tu.

Namba yako itakapotoka, siku moja au mbili kabla, nyuma yake andika jina lako, namba ya simu ya mumeo, na dawa unazotumia kama zipo. Ichukue na pini nne, umpe yeye akufungie kwenye fulana jioni ile, mezani, mama akiwepo.

Niandikie Jumatatu yake.

Shangazi